MGB Inakohoa na Haina Nguvu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ugonjwa wa Injini, Kabureta Ikiwa ya Mwisho

Wenye magari ya spoti ya kizamani huniandikia malalamiko yanayofanana kama pacha. "Nimesafisha kabureta mara mbili, nimeweka plagi mpya, nimebadilisha pampu ya petroli, na bado gari linakohoa." Wengi wao wameanzia mwisho. Kabureta iko wazi mbele ya macho, ina skrubu za kuzungushwa, na mtu mwenye bisibisi mkononi hajizuii. Akishazungusha, ugonjwa uliokuwa mmoja unakuwa miwili.

Mafundi wa magari haya wana utani kwamba kabureta nyingi hutibiwa kwenye distributa, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi. Utani huo una ukweli mwingi, ndiyo maana hapa kabureta tutaigusa mwisho.

Mfano wangu ni MGB, gari dogo la spoti la Uingereza, yenye injini ya silinda 4 ya cc 1798, kabureta mbili za SU HS4 na distributa ya Lucas yenye pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili cheche itoke). Kama una Triumph, Alfa Romeo au Porsche 356, mpangilio wa hatua ni uleule. Vipimo ndivyo vinavyobadilika, na hivyo uvitoe kwenye kitabu cha karakana cha gari lako.

## Vifaa vya kuandaa

- Spana za inchi (MGB haitumii za milimita), spana ya plagi na bisibisi bapa mbili, ndogo na kubwa
- Fila geji yenye majani ya 0.35, 0.38 na 0.64 mm
- Multimita
- Kipimo cha kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), cha kufunga kwa skrubu kwenye tundu la plagi
- Taa ya kupimia taimingi (wakati cheche inaporuka), pamoja na taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili
- Plagi moja ya akiba, nzima na safi
- Kipande cha mpira mwembamba, urefu wa mkono, cha kusikilizia
- Chupa ya kunyunyizia maji
- Chupa ya kioo yenye ujazo wa nusu lita
- Gasketi mpya ya kifuniko cha valvu
- Kizima moto cha unga, kikae karibu nawe na si nyuma ya gari
- Daftari na kalamu

Usicheke daftari. Kila unachopima kiandike, na kila unachobadilisha kiwe kimoja tu kabla ya kujaribu tena. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo gari likapona, hutajua kilichokuwa kimeharibika, na likirudia utaanza upya.

Onyo la jumla: vua saa ya chuma, pete na chochote kinachoning'inia. Feni ya gari hili inavutwa na mkanda, injini ikiwaka nayo inazunguka. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa.

## Hatua ya 1: Liulize gari maswali

Kabla ya kufungua boneti, andika majibu ya maswali haya. Linakohoa likiwa baridi, likiwa moto, au wakati wote? Linakohoa ukikanyaga mafuta ghafla, ukipanda mlima, au likiwa sailensi tu, yaani injini inawaka bila kukanyagwa mafuta? Lilianza polepole au siku moja? Na kuna kitu chochote kilifunguliwa siku hiyo?

Swali la mwisho ndilo linaloumbua wengi. Gari lililokuwa zima Ijumaa, likafanyiwa sevisi Jumamosi na kukohoa Jumapili, ugonjwa wake uko kwenye kilichoguswa Jumamosi, hata kama kifaa kilichowekwa ni kipya. Nitarudi kwenye hili.

Kuna dalili zinazokupeleka moja kwa moja pahala fulani:

- Linazima baada ya dakika 20 za safari, ukisubiri kidogo linawaka: shuku koili (inayotoa umeme mkubwa wa cheche), kondensa (kifaa kidogo kinacholinda pointi zisiungue), au mfuniko wa tangi usiopitisha hewa.
- Linakatakata ukikanyaga mafuta, sailensi ni nzuri: shuku waya ndogo zilizo ndani ya distributa.
- Lina moshi mweusi na harufu ya petroli: mafuta yamezidi.
- Lina moshi wa bluu ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena: oili inapita kwenye valvu.
- Linachemsha, na maji ya rejeta yanatoa mapovu tangu injini ikiwa baridi: gasketi ya hedi. Acha mengine yote, nenda Hatua ya 4. Na rejeta ya moto usiifungue hata kwa kitambaa.

## Hatua ya 2: Betri na waya za ethi

Hii ni ya dakika tano. Pima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6 imejaa, chini ya 12.2 ichaji kwanza. Kisha pima wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya 9.6, hakuna kipimo kingine utakachoweza kukiamini, kwa sababu koili nayo inalishwa na betri hiyohiyo.

MGB za kabla ya 1974 zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeungwa kwa mfululizo, na waya unaoziunga huoza bila kuonekana. Angalia pia waya wa ethi, ule mnene unaounganisha injini na bodi. Ukiwa umelegea, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya choki, ambayo hupata moto.

Kwa gari la kabla ya mwisho wa 1967, hakikisha ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi. Yalitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi, na mengi yamegeuzwa baadaye. Likigeuzwa bila waya za koili kugeuzwa, cheche inadhoofika na injini inakosakosa ikibebeshwa mzigo.

Umefaulu ikiwa: stata inazunguka kwa kasi ileile kila mara, na volti haishuki chini ya 9.6.

## Hatua ya 3: Nafasi za valvu, kabla ya kupima chochote

Wengi huruka hapa kwa sababu hakuna kelele. Kelele ya valvu si mbaya kama ukimya wake. Valvu inayogonga ina nafasi kubwa, lakini valvu iliyonyamaza kabisa huenda haifungi hadi mwisho, na usipojua hilo utaambiwa na kipimo cha kompresheni kwamba injini imekufa. Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Zikitumia petroli ya sasa kwa mwendo wa kasi wa muda mrefu, viti vya valvu za ekzosi vinaweza kulika, na nafasi hujifunga yenyewe.

Injini ikiwa baridi, toa plagi zote na ufungue kifuniko cha valvu. Hesabu valvu kutoka mbele, 1 hadi 8. Sasa tumia kanuni ya tisa: valvu unayoirekebisha ukijumlisha na ile iliyokandamizwa hadi chini, jibu liwe 9. Valvu ya 8 ikiwa chini kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikiwa chini, rekebisha ya 3. Endelea hivyo hadi zote nane zipite. Injini uizungushe kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, gia ikiwa huru.

Nafasi ni 0.38 mm. Jani la fila geji lipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi iliyobanwa na kitabu chepesi. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Ukilazimika kulisukuma hadi linajikunja, ni ndogo. Shika skrubu kwa bisibisi unapokaza nati, kisha pima tena, maana skrubu huzunguka na nati yake.

Umefaulu ikiwa: umezunguka mara ya pili na zote nane zimekubali jani lilelile.

## Hatua ya 4: Kompresheni

Hapa ndipo unapojua kama kuna haja ya kuendelea. Injini isiyobana hewa haitibiwi na plagi wala kabureta.

Rudisha plagi na kifuniko cha valvu, pasha injini hadi joto la kawaida, toa tena plagi zote nne, na uchomoe waya mwembamba wa koili. Onyo: usiache koili ikifanya kazi plagi zikiwa nje. Silinda zitatema mvuke wa petroli, na cheche moja inatosha kuwasha moto.

Mwambie mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho na apige stata mpaka kipimo kipande mara tano au sita. Mafuta yasipokanyagwa hewa haiingii, na namba zote zitakuwa za uongo.

Injini nzima ya MGB yenye mbano wa juu hufika karibu psi 160 (psi ni kipimo cha shinikizo). Lakini usiishangae namba yenyewe kuliko tofauti zake. Nne zenye 140 zinaishi pamoja kwa amani. Tatu zenye 160 na moja yenye 110 ndiyo kesi. Tofauti isizidi asilimia 10 hivi.

Ikiwa moja iko chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda hiyo na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, hasa ya 2 na ya 3, karibu kila mara gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Umefaulu ikiwa: namba nne ziko kwenye daftari na zinakaribiana. Zisipokaribiana, simama hapa. Kazi iliyobaki ni ya kufungua hedi.

## Hatua ya 5: Cheche

Tulia hapa. Kama injini yako inabana na bado inakohoa, jibu la wengi limo kwenye hatua hii.

Soma plagi kwanza. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Nyeusi yenye utelezi ni oili. Nyeupe kama chokaa ni hewa iliyozidi au taimingi isiyo sawa. Moja tu ikitofautiana na wenzake, usiwaze kabureta hata kidogo, maana kila kabureta inalisha silinda mbili. Nafasi ya plagi iwe 0.64 mm.

Angalia cheche yenyewe. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa silinda ya 1, ilaze juu ya chuma tupu cha injini, mbali na kabureta, na upige stata. Unataka cheche ya bluu inayosikika "ta, ta, ta". Ya manjano na nyembamba ni ya mgonjwa. Waya ushike kwa koleo lenye mpira, kwani umeme wake ni maelfu ya volti.

Pointi. Fungua kifuniko cha distributa. Zungusha injini hadi pointi zifunguke mwisho, kisha pima: 0.35 hadi 0.40 mm. Nyuso zake ziwe za kijivu na tambarare. Zikiwa za bluu zilizoungua, kondensa inakufa. Gizani, injini ikizungushwa, kondensa mbovu huonyesha miali mikubwa kati ya pointi, wakati nzima huacha nukta ndogo tu.

Waya mdogo wa kusuka. Ndani ya distributa kuna waya mfupi unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distributa. Kila ukikanyaga mafuta, sahani husogea na waya hujikunja. Baada ya miaka hukatika ndani ya kitambaa chake huku ukionekana mzima. Uvute taratibu kwa kibano; ukirefuka kama uzi, ndio mchawi wako. Huyu ndiye anayefanya gari likatekate ukikanyaga mafuta na kutulia likiwa sailensi.

Diski ya vakyumu. Chomoa bomba jembamba upande wa kabureta na ulivute hewa kwa mdomo. Sahani ya pointi isogee na ibaki hapo ukiziba bomba kwa ulimi. Isipobaki, ngozi ya ndani imetoboka.

Rota, kidole kinachozunguka ndani ya distributa na kupeleka umeme kwa kila plagi. Nilihangaika siku nne na gari langu kwa sababu ya rota mpya. Liliwaka vizuri, likaenda kilomita moja, likaanza kupiga bastola kwenye ekzosi. Nilibadilisha koili, nikabadilisha waya, nikarudia pointi mara tatu. Rota sikuigusa, si niliinunua wiki hiyohiyo? Siku ya nne niliigeuza chini ya taa, nikaona chini ya ribiti yake kidoa cheusi, kidogo kama alama ya penseli. Umeme ulikuwa unatoboa plastiki hapo na kuingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Nilirudisha rota ya zamani iliyokuwa na mikwaruzo, na gari likatulia.

Jaribio lake ni la dakika moja. Chomoa waya mnene wa koili kutoka katikati ya kifuniko, ushike kwa koleo milimita 3 juu ya chuma cha rota, washa swichi, na ufungue pointi kwa bisibisi ya plastiki. Cheche ikiruka kwenda kwenye rota, rota imetoboka. Isiporuka, ni nzima.

Koili. Pima ukinzani kati ya vichwa vyake viwili vidogo, waya zikiwa zimechomolewa: karibu omu 3 kwa gari lisilo na waya wa kupunguza umeme, karibu 1.5 kwa lenye waya huo. Koili mbovu mara nyingi hupima vizuri ikiwa baridi. Kwa hiyo gari likizima likiwa moto, usikae kusubiri. Ruka nje, chomeka ile plagi ya akiba, na uangalie cheche papo hapo. Ukisubiri dakika kumi, koili itapoa na ushahidi utapotea.

Taimingi. Mpangilio wa cheche ni 1-3-4-2, na rota huzunguka kinyume cha saa. Kwa injini nyingi za mwanzo, cheche iwahi kwa digrii 10 kabla ya pistoni ya 1 kufika juu, injini ikiwa imezimwa. Weka alama ya puli hapo, unganisha taa ndogo kati ya waya wa distributa kwenye koili na bodi, washa swichi. Zungusha distributa taratibu: pale taa inapowaka, pointi zimefunguka, na hapo ndipo ukaze.

Kisha washa injini na umulike puli kwa taa ya taimingi huku bomba la vakyumu likiwa limechomolewa na kuzibwa. Ukipandisha mizunguko polepole, alama isogee kwa utaratibu na irudi kwa utaratibu. Ikiruka au ikiganda, spring za ndani zimechoka au vizito vyake vina kutu.

Umefaulu ikiwa: cheche ni ya bluu kwenye waya zote nne, na alama haichezi.

## Hatua ya 6: Petroli inafika?

Washa swichi bila kuwasha injini. Pampu ya SU ya umeme, iliyo nyuma, igonge "tik tik tik" kisha inyamaze, kwa sababu bakuli za kabureta zimejaa. Isipogonga kabisa, igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, pointi zake zimeungua. Ulichofanya ni kuthibitisha ugonjwa, si kuutibu. Ikigonga mfululizo bila kukoma, inavuta hewa au tangi liko tupu.

Chomoa bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa ya kioo, washa swichi. Injini iwe baridi na pasiwe na moto wowote karibu. Nusu lita ijae chini ya dakika moja. Iache itulie na uiangalie kwenye mwanga: maji hukaa chini kama ushanga, kutu hukaa kama vumbi jekundu. Vipande vyeusi ni mpira wa bomba unaoliwa na ethanoli ya petroli ya sasa.

Gari linalozima kila baada ya muda uleule, lifungue mfuniko wa tangi mara tu linapozima. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba.

## Hatua ya 7: Hewa ya wizi

Hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta huharibu sailensi kabisa, na mtu huishia kuongeza petroli ili kuifidia.

Injini ikiwa sailensi, nyunyiza maji kidogo kwenye gasketi za manifoldi ya kuvuta hewa, kwenye mipira ya vakyumu, na kwenye ncha za shafti ya kabureta. Epuka distributa. Mlio ukibadilika, tundu liko hapo. Wengine hunyunyizia dawa ya kusafisha kabureta. Inafanya kazi, ila inashika moto juu ya ekzosi ya moto. Maji yanatosha.

## Hatua ya 8: Sasa kabureta

Inua pistoni ya kila kabureta (si za injini) kwa kidole na uiachie. Ishuke yenyewe na kugonga chini kwa mlio wa chuma. Ikinata, safisha kuta zake kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Msasa usiukaribishe hapa. Bakuli la juu, lile lililo juu ya pistoni hiyo, liwe na oili ya SAE 20. Likiwa kavu, gari litasita kila ukikanyaga mafuta ghafla.

Petroli ikidondoka kwenye bomba la ziada, toa boya ulitikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka.

Sawazisha kabureta mbili: weka ncha ya mpira kwenye mdomo wa moja na nyingine sikioni, kisha hamia ya pili. Mvumo wa hewa uwe sawa. Rekebisha skrubu za sailensi hadi usitofautishe.

Mchanganyiko hupimwa kwa kuinua pistoni ya kabureta moja kwa pini yake, kiasi cha 0.8 mm tu:

- Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha nati ya jeti.
- Injini ikitaka kuzima, hewa imezidi: shusha nati.
- Mlio ukipanda kidogo kisha ukatulia, uko sawa.

Zungusha nati upande mmoja tu wa pembe zake sita kwa wakati, kisha subiri injini itulie. Kama mtu alishaichezea hadi hujui ilipo, ipandishe hadi jeti iwe usawa wa daraja (sakafu iliyo chini ya pistoni), kisha ishushe mizunguko miwili kamili na uanzie hapo.

## Hatua ya 9: Barabarani

Endesha dakika 20, na mlima uwemo. Gari livute bila kukatika kwenye gia ya juu ukikanyaga mafuta kuanzia mwendo mdogo. Geji ya oili, injini ikiwa moto, ikae kati ya psi 50 na 80 ukiwa mwendoni.

Ukirudi, zima injini na uiache dakika kumi boneti likiwa limefungwa. Joto la ekzosi hupanda kwenye kabureta wakati huo, na koili nayo huwa moto kuliko ilivyokuwa njiani. Piga stata. Ikishika mara ya kwanza na sailensi ikakaa mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika, toa plagi, ziangalie rangi, ziandike daftarini pembeni ya zile za mwanzo.